Maoni Arobaini na Matatu

Siku walipokutana, foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imejikunja mara tatu mpaka ikafika mlangoni pa chumba cha kushonea mashuka ya hospitali. Watu walibanana, watoto walilia, na mtoa dawa nyuma ya kioo alikuwa akiita majina kwa kasauti ka mbu, hakuna aliyesikia jina lake wala la jirani yake. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni alikuwa akisukumwa huku na huku. Ndipo mwanamume mmoja mrefu, amevaa shati la rangi ya majivu, kola imechakaa lakini imenyooshwa kwa pasi ikanyooka, alipofungua mdomo.

"Jamani, mpisheni huyu mama. Sisi wengine tutasimama tu, miguu tunayo."

Foleni yote ikanyamaza. Maneno yenyewe yalikuwa ya kawaida. Ni ile sauti. Ilikuwa nzito, ya taratibu, kama mtu anayesogeza kabati bila kutaka kuamsha waliolala.

"Mgane!" akapaza mzee mmoja. "Haki ya Mungu, ni Mgane!"

Kila mwenye televisheni alimjua Mgane. Ni samurai wa makamo katika tamthilia ya *Lango la Mierezi*, mambo ya Japani ya zamani za makabaila, wakati mtu akiishi na kufa kwa neno la bwana wake. Mkewe amekufa, bwana wake ameuawa, naye amebaki analinda lango la ngome ambayo haina mwenyewe. Tamthilia ilitiwa sauti za Kiswahili, na sauti ya Mgane ilikuwa ya huyu bwana aliyesimama kwenye foleni na cheti cha dawa za miguu ya mama yake. Kazini walimwita Besi.

Wakati watu wanamzonga, mlango wa chumba cha kushonea ukafunguliwa. Akatoka dada mmoja na furushi la mashuka begani. Alivaa gauni la kijani la kazi, utepe wa kupimia shingoni, sindano tatu zimechomwa kwenye ukosi. Wenzake walimwita Pindo, maana hakuweza kumsalimia mtu kabla ya kumtazama pindo la nguo.

"Samahani, kaka. Wewe ndiye Mgane?"

"Mimi ni sauti yake tu. Sura ina mwenyewe."

"Ile suruali yake pana ina mikunjo mingapi?"

"Mi-nini?"

"Mikunjo. Mbele nimehesabu mitano. Nyuma kamera haikai. Wiki ya tatu hii sina raha."

Besi akacheka mpaka cheti kikamponyoka. "Dada, watu huniuliza kama ataoa tena. Wewe unauliza suruali!"

"Akioa shauri lake. Mimi nataka kujua suruali imekaaje."

"Nipe namba yako. Nikiingia studio nitaisimamisha picha nikuhesabie."

"Ujanja wa kuomba namba huo."

"Mimi? Nani aliyeanza na suruali za watu?"

Siku tatu baadaye simu ya Pindo ikalia juu ya cherehani.

"Miwili," ikasema ile sauti, bila salamu.

"Miwili gani?"

"Nyuma. Mitano mbele, miwili nyuma, jumla saba. Fundi mitambo amenifukuza studio, anasema nimechelewesha kazi kwa ajili ya makalio ya samurai."

Pindo akaziba mdomo kwa kitambaa asicheke mbele ya wenzake. Na hivyo ndivyo walivyoanza.

Miezi minne ikapita kama mtu anayeteremka ngazi anaimba. Jioni walikaa kwenye benchi nje ya geti la hospitali, Pindo na gauni lake la njano lenye vifungo vya mbao, Besi na shati lile lile la majivu ambalo Pindo alilibadilisha kola kwa mkono wake. Shangazi yake Pindo, aliyemlea, alikuwa hachoki kuchokoza.

"Huyo samurai wako ana mwili, au ni sauti tu? Mbona haji kusalimia?"

"Atakuja, shangazi."

"Namwona Jumatano na Jumapili, hajawahi kuniuliza hali!"

Basi siku moja ya Alhamisi Besi akapiga simu, na kabla hajasema neno Pindo alijua kuna jambo. Alikuwa anapumua tu.

"Mpenzi, nini?"

"Mama Vipindi ameniita." Huyo ndiye mkuu wa vipindi pale kituoni, mwanamke mfupi mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. "Wakubwa wanasema sauti yangu nzito mno, watazamaji wamechoka. Wanataka kumleta kijana mmoja wa redioni, amalizie vipande tisa vilivyobaki."

"Watazamaji gani waliochoka?"

"Sijui. Mama Vipindi amewaomba wasubiri wiki mbili, wayaone maoni yanayotumwa kwa simu. Yakiwa mazuri nabaki. Yakiwa mabaya natoka."

"Basi yatakuwa mazuri."

"Pindo, sikiliza. Miaka sita nimesoma matangazo ya sabuni na ya mabati. Huyu Mgane ndiye mtu wa kwanza niliyepewa ambaye ana neno la kusema. Wakimchukua, sina pa kuisemea sauti hii. Sina kabisa."

Usiku ule Pindo hakulala. Asubuhi akaingia kazini macho mekundu, na saa nne, wenzake walipokwenda kunywa chai, akamwambia wa kwanza: "Dada, niazime simu yako kidogo." Halafu wa pili. Chumba kile kilikuwa na mafundi kumi na mmoja. Akatoka hapo akaenda kwa wafuaji, akaenda jikoni, akaenda kwa wasukuma vitanda. Akaazima na ya shangazi. Kwa siku tisa aliandika, na aliandika kwa bidii, kila ujumbe na mwandishi wake: huyu mwalimu mstaafu, huyu dereva wa lori, huyu mkulima, huyu bibi mwenye wajukuu saba. Hakurudia sentensi hata moja. Arobaini na matatu. Wala hakumwambia Besi. Alitaka aje aone mwenyewe jinsi watu wanavyompenda.

Wiki mbili zilipotimia, Besi aliitwa ofisini. Mama Vipindi alikuwa ametandaza karatasi meza nzima, ameyachapa maoni yote. Hakumwambia akae.

"Nakusomea," akasema, akavaa miwani. "'Mimi ni mwalimu mstaafu. Sauti ya Mgane imetulia kama mshono wa mkono.' Haya, mwalimu. 'Mimi ni dereva wa lori. Mgane alipokuwa anashona vazi la marehemu mkewe, sauti yake ilikwenda polepole pamoja na sindano.' Dereva wa lori, Besi! Huyu hapa mkulima, anasifu pindo. Huyu askari mstaafu, anasifu pindo. Watu wote wamegeuka mafundi cherehani?"

Besi hakuhitaji kuuliza. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu anayetazama vita vya upanga akaona sindano.

"Namba kumi na moja tumezipiga," akaendelea Mama Vipindi. "Zote chumba kimoja cha hospitali. Nitawaandikia wakubwa wao, wajieleze walikuwa wanafanya nini saa za kazi."

"Usiwaandikie," akasema Besi.

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyewatuma."

Mama Vipindi akavua miwani. Alimpenda kijana yule, na sasa alimtazama kama mtu aliyekuta mende kwenye kikombe chake. "Wewe?"

"Mimi."

"Na mimi niliyekupigania!"

"Mama, humo ndani hakuna hata moja la kweli?"

"Huenda yapo. Nitayajuaje? Umeyachafua yote. Kabidhi ufunguo wa studio."

Alimkuta Pindo kwenye geti, mvua inanyesha manyunyu, ameinua mkoba juu ya kichwa kukinga nywele alizosuka jana yake. Pindo akatabasamu. Tabasamu likafia pale pale.

"Uliandika mangapi?" akauliza Besi.

"Yapi?"

"Pindo."

"Arobaini na matatu." Akashusha mkoba, mvua ikampiga. "Wamekubakiza?"

"Wamenitoa. Wanasema nimenunua sifa."

"Ee Mungu wangu! Nitakwenda mimi, nitawaambia..."

"Utawaambia nini? Kwamba uliona sina watu, ukanitengenezea?"

"Nilikuona unazama, Besi! Ulitaka nikae ukingoni nikutazame?"

"Nilitaka uamini kwamba yupo mtu. Mmoja tu! Mtu asiyenijua, asiyenipenda, aliyekaa kwake akanisikia, akaandika. Wewe hukuamini. Ulinisikiliza miezi yote hii, na hukuamini."

"Niliogopa tu, mpenzi wangu. Niliogopa."

"Na mimi niliogopa. Lakini nilikuwa naogopa nikiwa na wewe." Akamrudishia Pindo mwavuli wake aliomwazima asubuhi ile, akaondoka, hatua ndefu ndefu, na lile shati la majivu likigeuka jeusi kwa maji.

Kuanzia hapo simu ya Besi haikupatikana. Pindo alipiga asubuhi akiwa amesimama kwenye sinki, akapiga akipiga pasi, akapiga na mguu uko kwenye cherehani mpaka sindano ikapita katikati ya kucha ya kidole. Alishona foronya pande zote nne, hazina mdomo, zikarudishwa na wauguzi kwa vicheko. Alikonda, gauni la njano likawa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Jumatano ikafika, na Mgane akafungua kinywa akatoa sauti ya kijana, laini, inayong'aa kama kiatu kipya.

"Huyu anaongea kama anauza friji," akasema shangazi, kisha akamtazama mpwa wake, akaizima televisheni.

Alikwenda nyumbani kwa Besi. Mama yake ndiye aliyefungua, ameegemea fimbo, miguu imevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yupo chumbani. Hataki kuonana na mtu. Na wala hasemi. Nikimuuliza anaitikia kwa kichwa. Nimezaa mtoto mwenye sauti ya kujaza nyumba, sasa nasikia saa ya ukutani."

Pindo alirudi kwa miguu, na njia nzima maneno yale yalimpigia kichwani kama ile saa. Asubuhi yake hakwenda kazini. Alivaa gauni lake la kijani la kazi, ili asionekane amejipamba, akaenda kituo cha televisheni, akakaa mapokezi tangu saa mbili mpaka saa saba mchana, ndipo Mama Vipindi akatoka kwenda kula.

"Mama, mimi ndiye mwalimu mstaafu," akasema Pindo. "Mimi ndiye dereva wa lori. Mimi ndiye wote wale."

Mama Vipindi akazitazama zile sindano ukosini. Hakwenda kula tena.

Ofisini Pindo alieleza yote, analia bila kujifuta. Mama Vipindi alisikiliza huku akikigeuza geuza kifuniko cha kalamu.

"Alisema amewatuma yeye," akasema mwishowe.

"Hakujua kitu! Amejua hapo mezani kwako."

"Basi alisema vile nisiandikie hospitali yenu." Akavuta pumzi. "Alikuwa anakukinga wewe, dada."

Pindo akashika ukingo wa meza. Hilo Besi hakumwambia pale getini. Alimpa hasira yake, ile zawadi akabaki nayo.

"Mrudishe, mama. Nakuomba. Nikupigie magoti?"

"Usipige magoti, zulia lenyewe chafu. Siwezi kumrudisha. Kijana ametia saini, na vipande vyote vimeshatiwa sauti mpaka cha mwisho. Ninachoweza ni kufuta lile neno udanganyifu kwenye jalada lake." Akafungua droo, akatoa rundo la karatasi lililofungwa kwa raba. "Haya maoni nilikuwa nayapeleka kuchomwa. Mimi siwezi kujua lipi la kweli. Nawe je?"

Pindo akalipokea rundo, akaomba kalamu. Akakaa sakafuni kwenye korido, miguu ameikunja, akaanza kupekua. Lake akalijua kwa neno la kwanza, kama fundi anavyojua kazi ya mkono wake, akalikata kwa mstari. La mwalimu, akakata. La dereva, akakata. La bibi mwenye wajukuu, akakata. Katikati yake yalitokea mengine, na kila lilipotokea mkono wake ulisimama. Haya hakuyaandika yeye. Alipomaliza akahesabu, akahesabu tena kwa kuwa hakuamini. Arobaini na matatu yalikuwa yake. Yaliyobaki yalikuwa sitini na moja.

Alifunika uso kwa zile karatasi akalia kilio kilichomfanya mfagiaji wa korido aache ufagio aje kumshika bega.

Jumapili alasiri, siku ya kipande cha mwisho, akagonga mlango kwa mama yake Besi. Televisheni ilikuwa inawaka sebuleni, samurai wanakimbia kwenye theluji, lakini nyumba ilikuwa kimya.

"Imeharibika, mama?"

"Nimeizima sauti tangu walipomtoa. Nitakaaje na mwanamume nisiyemjua sebuleni kwangu?" Akageukia chumbani, akagonga kwa fimbo. "Wewe! Toka. Mgeni wako usipomwona leo, mimi nahamia kwao."

Besi akatoka. Ndevu zimeota, fulana imekunjamana. Alimwona Pindo akasimama pale pale mlangoni. Pindo alikuwa amejiandaa maneno mengi, yote yakamkimbia. Akamnyooshea karatasi.

"Langu hakuna humo hata moja. Nimeyatoa yote. Hizi ni za watu."

Hakupokea haraka. Alipopokea alisoma akiwa amesimama. "'Mimi ni mlinzi wa ghala. Mgane akizungumza huwa nazima redio ya mbao.'" Sauti ilikuwa imekwaruza kwa kukaa bila kazi. "'Anavuta mno maneno, ananichosha, lakini msimtoe.'" Akatikisa kichwa, karibu acheke. Akafunua nyingine, akasoma kimya, kisha akairudia kwa sauti, polepole.

"'Nilifiwa na mke wangu mwezi wa pili. Nilikuwa sijui jinsi ya kulisema jambo hili mpaka huyu bwana aliponisemea. Asanteni.'"

Akakaa chini ghafla, juu ya mkono wa kochi.

"Wewe nilikuamini," akasema Pindo. "Watu ndio sikuwaamini. Nisamehe."

"Yapo mangapi?"

"Sitini na moja. Wamenishinda."

Kwenye televisheni Mgane alikuwa amebaki peke yake langoni. Kipande cha mshale kilikuwa kifuani, theluji inamwangukia mabegani, na kinywa chake kinachezacheza bila neno.

"Anasema nini?" akauliza mama. "Jamani, mwanamume anakufa na mimi sijui anasema nini!"

Besi akainua uso. Yale maneno alikuwa nayo. Walimpa kitabu kizima cha maneno tangu mwanzo, na alikikariri mpaka ukurasa wa mwisho kabla hawajamtoa. Akakohoa. Akaanza, kwanza chini chini, halafu ile sauti ikapata njia yake ikajaa chumba, vikombe vikatetemeka kidogo kabatini. Mgane alimwambia mkewe aliyekufa kwamba lango amelifunga, kwamba sasa hakuna anayemngoja ila yeye, kwamba asimkasirikie kwa kuchelewa miaka yote hii. Mama alishika fimbo kwa mikono miwili. Pindo hakuona nguo, hakuona mkanda wala mkunjo. Mwishoni sauti ya Besi ikavunjika vipande, na Mgane akalaza kichwa kwenye mbao za mwerezi.

Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Mama akajifuta kwa upande wa kanga, akajikongoja kwenda jikoni, akisema anakwenda kutazama maji ambayo hakuwa ameyabandika.

"Haya," akasema Besi bila kumtazama. "Maoni."

Neno tamu lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi wa Pindo, rahisi kabisa, na kila kitu alichokitaka duniani kilikuwa juu ya mkono wa kochi lile. Akalimeza.

"Pale mwisho ulilia wewe," akasema. "Yeye hakulia. Uso wake ulikuwa mkavu. Amengoja miaka yote ile, machozi yalishamwishia. Umemharibia kifo."

Besi akatazama kioo, akatazama karatasi, akamtazama yeye.

"Kweli," akasema. "Nimemharibia."

"Kwingine kote nilisahau kwamba ni wewe."

Ndipo alipotabasamu, kidogo, upande mmoja, kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa. "Pindo, mimi kazi sina. Kesho nakwenda kuuliza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, wanataka mtu wa kubeba."

"Nimekuuliza kazi?"

"Na sauti hii sijui nitaipeleka wapi."

"Sijui na mimi."

"Na ukiishi na mimi utakuwa unaniambia mambo kama hayo kila siku?"

"Kila siku. Mpaka unichoke."

"Basi mwambie shangazi yako Jumamosi nakuja. Kumsalimia, na kumwomba mtu wake."

Pindo akaitikia kwa kichwa.

"Amekubali?" mama akauliza kwa nguvu kutoka jikoni. "Sisikii! Humu ndani nani amezima sauti tena?"